Ngoma Iliyosimama Katikati

Waliohudhuria onyesho la chuo kutoka mtaa wa Mbotela jioni ile walikuwa hawa: Truphena Mideva, mama yake Elsie; Nahashon Andati, baba yake Elsie; Bi. Nakhumicha, jirani wa mlango wa pili na kiongozi wa akina mama wa kanisa. Akina mama wengine wanne wa kanisa hilo hilo, wote wamefunga vitambaa vyeupe vichwani. Na Mzee Odero, fundi wa viatu, ambaye hakualikwa na mtu ila alisema hawezi kumwachia rafiki yake Andati aende peke yake kwa wasomi. Elsie mwenyewe hatumtaji katika hesabu hii kwa kuwa alikuwa nyuma ya pazia, akingoja zamu yake.

Mlangoni walipokewa na kijana mwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni. Aliitazama hotipoti ya chapati aliyoikumbatia Bi. Nakhumicha, akatabasamu kwa adabu.

"Karibuni. Nyinyi ndio mmeleta chakula? Mlango wa jikoni ni ule wa nyuma."

"Sisi ni wazazi," akasema Bi. Nakhumicha.

"Wazazi wa nani?"

"Wa Elsie Andati."

Kijana akawapitia kwa macho mmoja baada ya mwingine. "Nyote?"

"Nyote. Na wengine wamebaki nyumbani."

Waliruhusiwa kuingia, lakini hotipoti haikuruhusiwa. Iliachwa kwa bawabu, na Mideva akaingia ukumbini huku akigeuka nyuma mara kwa mara, asijue kama chapati zile zitakuwepo watakapotoka. Walipoketi mstari wa mbele, kijana yule yule akaja kuwaambia kwamba hapo ni pa watahini. Wakahamia pembeni, chini ya spika kubwa. Walipokwisha kutulia, wakaombwa wasogee tena kwa sababu ya waya wa kamera. Andati alihama mara zote mbili bila neno, kofia yake mapajani, kama mtu aliyezoea kuhamishwa.

Lilikuwa onyesho la ngoma la wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kila mmoja alipaswa kuonyesha ngoma aliyoitunga mwenyewe, na alama za usiku huo ndizo zilizokuwa nzito kuliko zote katika shahada yake. Kijana wa kwanza alijiviringisha sakafuni ndani ya karatasi ya plastiki hadi mwisho.

"Huyu anaumwa?" Mzee Odero akanong'ona.

"Nyamaza, ni sanaa," akajibu Bi. Nakhumicha, ingawa yeye pia alikuwa amekwisha kumwombea kimoyomoyo.

Kisha mfawidhi akasoma: "*Zamu*. Mtunzi, Elsie Andati." Akina mama wakapiga vigelegele hadi watu wa mstari wa mbele wakageuka.

Ngoma ilianza vizuri. Wachezaji wanne waliingia wakiwa na ovaroli za buluu, Elsie katikati yao, mikono ikienda na kurudi, ikivuta, ikikata, ikikunja, kwa mdundo mzito uliokaza kila mara mwili ulipotaka kulegea. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba hicho ni kiwanda. Bi. Nakhumicha, ambaye aliwahi kufungasha bendeji katika kiwanda kimoja kabla ya kuanza kuuza mboga, alicheza kwa mabega akiwa palepale kitini. Hata Mzee Odero alitingisha kichwa, akasema kwamba sasa hii ni ngoma.

Mdundo ukakatika ghafla. Mchezaji mmoja akatoka, kisha wa pili, kisha wa tatu. Elsie akavuta kigoda, akakiweka katikati ya jukwaa, akavaa kofia, akaketi. Aliweka mikono magotini, akawatazama watu, na hakufanya lolote.

Kimya hicho ndicho alichokihangaikia muhula mzima. Hatua nyingine zilimjia kwa urahisi. Zilikuwa mikononi mwake tangu utotoni. Kimya ndicho kilichomtesa. Alitaka watu wakae nacho mpaka kiwaelemee, mpaka watamani mtu yeyote afanye jambo lolote, ndipo ainuke na kuianza upya ile kazi ya mikono, bila mdundo na bila wenzake. Sehemu hiyo ya mwisho hakuna aliyeiona.

Mtu alikohoa. Kiti kililia. Andati alikuwa ameinama kidogo, akitazama kigoda kile kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Amesahau," akanong'ona Bi. Nakhumicha.

"Mtoto amekwama," akasema mwingine.

Hapa ni lazima desturi yao ielezwe. Katika kanisa lao, mtoto akisimama mbele ya watu kusoma aya au kuimba, kisha akasahau, haachwi pale akiaibika. Akina mama huinuka, huanzisha wimbo, humwendea wakicheza, humfunga leso kiunoni, humfuta jasho, kisha humrudisha kwenye benchi kwa shangwe, hata mgeni asijue kama kulikuwa na kosa. Wao huita tendo hilo kumfunika mtoto. Elsie mwenyewe alifunikwa hivyo alipokuwa mdogo, Krismasi moja, na alirudi kwenye benchi akidhani ameshinda.

Aliyeinuka kwanza alikuwa Mideva. Aliinuka kwa haraka iliyowashangaza hata wenzake, sauti yake ikatangulia, wimbo ukashika, na wengine watano wakamfuata. Walipanda ngazi za jukwaa wakicheza. Kulikuwa na kicheko upande wa nyuma. Mwendesha taa, asijue la kufanya, akawasha taa zote. Kicheko kikageuka makofi, makofi yakageuka ukumbi mzima kusimama.

"Mama, bado," Elsie alisema chini ya meno, macho yakiwa bado kwa watu. "Mama, kaeni chini. Bado."

"Usiogope, mwanangu," Mideva akasema, akimfunga leso. "Tumekufunika."

Wakamwinua. Kigoda kikabaki peke yake katikati ya mwanga. Katika ukumbi wote, mtu mmoja tu hakusimama, naye ni Andati.

* * *

Chapati zilikuwepo. Walizila nje, kando ya maegesho ya magari, kwa furaha ya watu waliofanya kazi na ikaonekana. Bi. Nakhumicha alikuwa akieleza kwa mara nyingine jinsi mzungu mmoja alivyompiga picha, Elsie alipotokea akiwa bado na ovaroli, na leso bado kiunoni. Mwenzake Carolyne, mmoja wa wale waliotoka jukwaani, alikuwa akimfuata nyuma, akimshika mkono.

"Nani aliwaambia nimesahau?" Elsie akauliza.

Wakatazamana.

"Si ulikaa kimya?" akasema Bi. Nakhumicha.

"Hiyo ndiyo ngoma yenyewe!"

"Kukaa?" Mzee Odero akaweka chapati yake chini. "Muda wote huo chuoni, umesomea kukaa? Mwenzio Andati hukaa bure nyumbani, wala hakwenda chuo."

Akacheka peke yake. Andati aliikunja kofia yake, akaikunjua.

"Elsie, wacha," Carolyne akamwambia. "Wasee walisimama. Ukumbi mzima. Hiyo haijawahi kutokea hapa."

"Walisimama kwa ajili ya nani? Mimi nilikuwa sijamaliza. Kulikuwa na sehemu nyingine. Kulikuwa na mwisho."

"Basi samahani," Mideva akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuomba samahani hata kidogo. Alimwendea binti yake, akaifungua leso kiunoni mwake, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaitia mfukoni. "Siku nyingine tutakuacha watu wakucheke."

"Twende," akasema Andati.

* * *

Jumatatu Elsie aliitwa ofisini kwa Dkt. Ngui, mhadhiri wake. Dkt. Ngui alikuwa mtu wa haki, na kama watu wengi wa haki, alipenda mambo yaingie katika kisanduku kimoja au kingine.

"Nataka jibu moja tu," akasema. "Kuingia kwa wale akina mama, ulipanga?"

"Hapana, Daktari."

Dkt. Ngui akashusha pumzi. "Ningependa ungesema ndiyo."

"Lakini sikupanga."

"Nisikilize. Mtahini wa nje, yule mzungu, amesema ameona maonyesho katika nchi nyingi, na hajawahi kuona jumuiya ikiingia katika ngoma kwa namna ile. Amesema ndilo jambo bora la usiku mzima. Sasa, kama ulilipanga, wewe ndiwe wa kwanza katika darasa lako. Kama hukulipanga, basi kilichoko mbele yetu ni ngoma iliyosimama katikati, haikumalizika. Ngoma isiyomalizika haina alama."

"Iliingiliwa, Daktari."

"Najua. Kwa hiyo nimekuombea nafasi. Ijumaa jioni utaonyesha tena, mbele ya mtahini yule yule, kabla hajaondoka. Lete akina mama, au usiwalete. Sisi tutatoa alama kwa kile tutakachokiona."

"Na akiona kimya peke yake? Bila wao?"

Dkt. Ngui aliipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza. "Atauliza walikokwenda," akasema. "Sikuambii ufanye nini. Nakuambia atauliza."

Elsie alitoka akiwa na hasira asiyojua aielekeze wapi. Angeweza kumkasirikia mtu aliyeidharau ngoma yake. Alijiandaa kwa hilo. Hakujiandaa kwa watu wanaompongeza kwa jambo lililoivunja.

* * *

Hakuna aliyewaambia akina mama habari za Ijumaa ila Carolyne, ambaye alimpigia Mideva simu kutoka kwao, mtaa wa Donholm, kwa nia njema kabisa. Elsie aliporudi Mbotela Jumatano alasiri, aliwakuta uwanjani, kati ya safu za nyumba na kamba za nguo, wakifanya mazoezi. Walikuwa wameongezeka. Vitambaa vyeupe vilikuwa vimebadilishwa. Sasa vilikuwa vya zambarau, vipya, vyote vya jora moja. Mtu mmoja alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, akijifanya Elsie.

"Mulembe, mwalimu wetu!" Bi. Nakhumicha akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Njoo utusahihishe. Tunaingia pale unapokaa tu, au tuhesabu kwanza?"

"Shangazi, bado sijaamua kama mtaingia."

"Uamue nini tena? Si mzungu ametaka?" Akapunguza sauti, kwa upole wa mtu anayemwonya mtaalamu kuhusu kasoro ndogo. "Ila hicho kimya, mwanangu, kipunguze. Ni kirefu mno. Watu wamelipa nauli kuja kuona ngoma. Na magoti yetu, tukichelewa kuinuka, hayainuki tena."

Wakacheka wote. Elsie alitaka kucheka nao, akashindwa. Aliona jinsi walivyokuwa wamejipanga kwa urefu, jinsi mama mmoja alivyotoka mapema kazini kwa ajili yake, jinsi yule aliyeketi kwenye ndoo alivyokuwa ameinua shingo kwa bidii. Hakukuwa na mtu wa kumgombeza.

Ndani, baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango. Tangu kiwanda cha mablanketi kilipofungwa milango, Andati aliamka saa ile ile aliyokuwa akiamka zamani, akavaa ovaroli na kofia, akaketi hapo. Hakuwa mlevi na hakuwa mkali. Alikuwa ameketi tu. Majirani wakipita humsalimu, naye huitikia. Ovaroli sasa ilikuwa chuoni, kwa hiyo alivaa sweta.

"Ile ya kukaa uitoe," akamwambia bintiye bila kumtazama.

"Kwa nini, Baba?"

"Unajua kwa nini."

"Ni ngoma tu. Haikutaja mtu."

"Ovaroli ni yangu. Kofia umenunua nyingine, lakini imepinda upande kama yangu. Mikono magotini." Alisema hayo kwa utulivu wa mtu anayeorodhesha vitu vilivyoibiwa. "Uliniomba ovaroli, nikakupa, nikadhani ni ya kufanyia kazi."

"Watu wa chuo hawakujui, Baba."

"Odero ananijua. Ulipoketi tu, alinigusa kwa kiwiko. Akaniambia, 'Andati, ni wewe huyo.'"

Elsie alisimama akishika mkoba wake kwa mikono miwili. 

"Nilikaa kiwandani miaka mingi kuliko umri wako," Andati akaendelea. "Nikasimamia mashine ambayo watu waliiogopa. Hayo umeyacheza kidogo mwanzoni, na wenzako. Lakini pale ulipobaki peke yako, mahali penye taa, ukachagua kunionyesha nikiwa nimekaa."

"Sikukuonyesha ili wakucheke."

"Hawakucheka. Walinyamaza. Ni heri wangecheka."

Elsie aliingia jikoni, ambako Mideva alikuwa akichambua mboga kwa kasi isiyohitajika. Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba. Hakuna neno lililompita.

"Umemsikia," Mideva akasema.

"Nimemsikia. Mtahini anataka nyinyi muingie. Nyinyi mnataka kuingia. Baba anataka nitoe kiti. Nikiwaridhisha nyote, ni nini kinachobaki ambacho nilikitunga mimi?"

"Usinipigie kelele jikoni kwangu."

"Sipigi kelele, Mama. Nauliza. Wewe ni mtu unayenijua kuliko wote. Ulinisikia nikifanya mazoezi humu ndani usiku na mchana. Ulijua siwezi kusahau. Kwa nini uliinuka?"

Mideva akaendelea kuchambua. Baadaye akaviacha vidole vyake vitulie juu ya sinia.

"Wenzangu ndio waliodhani umesahau," akasema. "Mimi sikudhani hivyo."

Akaisukuma sinia pembeni.

"Nilimwona baba yako. Amekaa pale, mbele ya watu wote wale waliovaa vizuri, na hakuna mtu wa kumtoa." Alisema kwa hasira, kama anayelaumiwa kwa kosa la mwingine. "Unadhani kila asubuhi huwa nawasha redio kwa sababu napenda habari? Unadhani napenda kupiga gumzo na Nakhumicha dirishani kuhusu bei ya nyanya? Nyumba hii ikinyamaza, mimi siwezi. Nikakuta na wewe umekibeba kile kimya ukakipeleka mjini. Ningefanyaje? Niliinuka."

Nje, Bi. Nakhumicha alikuwa akiwaamuru wenzake waanze upya.

* * *

Alhamisi jioni akina mama walikuja wote ndani ili wapewe maagizo ya mwisho. Viti havikutosha, wakaketi kwenye mikono ya viti, kitandani nyuma ya pazia lililofunguliwa, na wengine wakasimama ukutani. Mzee Odero alikuwepo pia, akisema amekuja kuchukua kiatu cha Andati cha kushona, ingawa hakuna aliyemwona akikiulizia.

Elsie alikuwa amejiandaa kuwaambia kwamba hawataingia. Alikuwa amepanga maneno ya shukrani, kisha maneno ya sababu, kisha maneno ya kuwatuliza. Alifungua kinywa, akaviona vile vitambaa vya zambarau, maneno yakamkwama kwelikweli, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi ile.

"Kabla hamjapangana," Andati akasema kutoka mlangoni, "mimi nina neno."

Chumba kikageuka. Haikuwa kawaida.

"Siku ile huyu mtoto alisema kulikuwa na mwisho. Tukamtoa kabla hatujauona. Mimi nimefikiri. Kama ni lazima nichezwe, basi nione ninavyoishia." Akainuka, akakisogeza kigoda chake kwa mguu hadi katikati ya sakafu. "Cheza. Yote."

"Hapa?" Elsie akauliza.

"Uliitungia hapa."

Walisogeza meza. Elsie alivua viatu. Hapakuwa na mdundo, kwa hiyo Bi. Nakhumicha aliupiga kwa mwiko juu ya ndoo, akiuongeza kasi kila mara hadi Mideva akamkanya. Elsie alicheza peke yake sehemu ya watu wanne, katika nafasi isiyotosha hata wawili. Mkono wake uligonga kabati, wala hakusimama. Kisha akampa Bi. Nakhumicha ishara, mwiko ukanyamaza, naye akaketi kwenye kigoda cha baba yake.

Kimya kikaingia. Uwanjani mfereji ulikuwa ukitiririka kwenye mtungi wa mtu. Mlango wa jirani ulifungwa. Bi. Nakhumicha alianza kuguna wimbo bila kujijua, mwenzake akamfinya. Mzee Odero alitazama dari. Mideva alikuwa amesimama kando ya kabati. Mkono wake ulitoka kwenye redio, ukarudi, ukatoka tena, na hatimaye akaubana kwapani kama anayemshika kuku. Kimya kilikuwa kirefu kuliko cha ukumbini, au kilionekana hivyo kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kukikimbilia.

Kisha Elsie akainuka. Mikono yake ikaianza ile kazi upya: kuvuta, kukata, kukunja. Hakukuwa na mdundo wa kuisukuma wala mwenzake wa kumpokea. Ilikuwa kazi ile ile, safi, isiyo na kosa, ambayo hakuna mtu aliyeihitaji. Aliifanya akielekea mlangoni, akafika, akausukuma mlango ukafunguka, mikono ikaendelea, na hapo akaacha.

"Ndio mwisho," akasema, akihema.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alijifuta uso kwa kitambaa kipya, akakumbuka ni kipya, akakiachilia.

"Si hivyo ninavyokaa," Andati akasema.

Elsie akageuka.

"Umeketi kama mtu aliyekufa macho wazi. Ndivyo ulivyoniona?" Sauti yake ilikuwa na ukali ambao watu wa nyumba hiyo walikuwa wameusahau. "Unadhani mimi hukaa hapo bure? Asubuhi huwa nasikiliza king'ora cha zamu ya kwanza. Chetu hakilii tena, lakini vya wengine vinalia, kule ng'ambo ya reli. Huwa nasikiliza kama chetu kitarudi. Najua ni upumbavu. Lakini ni kusikiliza, si kukaa."

Mzee Odero alifungua kinywa, akatafuta utani, hakuupata.

"Kaa tena," Andati akasema.

Elsie akaketi.

"Shingo. Reli iko huku."

Akageuza shingo kidogo kuelekea dirishani. Mwili wake wote ukabadilika kwa mgeuko huo mdogo. Bega moja likapanda, vidole vikakaza magotini. Andati alimtazama toka shingoni hadi vidoleni. Hakusema ni vizuri. Alisema, "Hapo," kisha akaenda kusimama mlangoni, akiwapa mgongo.

"Kesho nikikaa hivyo peke yangu," Elsie akasema, akimtazama mama yake sasa, "mtahini atauliza mko wapi. Huenda nikashindwa. Lazima mjue hilo."

"Usiseme kushindwa!" Bi. Nakhumicha akaruka. "Ndiyo maana sisi tupo. Tutangoja. Tutakupa muda wako wa kukaa na hiyo shingo, halafu tuingie polepole, kwa heshima..."

"Hatuendi," akasema Mideva.

Aliondoka kando ya kabati, akasimama katikati ya chumba, mahali ambapo kanisani angesimama msomaji wa matangazo. Alikuwa na hasira bado, na hakuijali.

"Akina mama, nisikilizeni, nisirudie. Kesho hatuendi sisi. Mlichofanya nawashukuru, na mtoto atakuja kuwashukuru akili ikitulia. Vitambaa tutavivaa Jumapili."

"Na mzungu anayetungoja?" akauliza Bi. Nakhumicha.

"Angoje."

"Mama Elsie, ni mtoto wako. Ni masomo yake."

"Najua ni masomo yake. Ngoma ni yake pia, na kigoda ni cha Baba Elsie. Yeye akitaka kwenda, aende, na ataketi mstari wa mbele, na wakimhamisha ahamie mahali pengine lakini asitoke." Akamtazama mumewe mgongoni. Andati hakugeuka, ila alikuwa ameivua kofia. "Mimi nitabaki hapa."

"Wewe? Mama mzazi?"

"Mimi," Mideva akasema. "Nikienda nitainuka."